Saa Ine, Ng'ombe Zinashuka

…basi upande wa kushoto umeisha, upande wa kuume bado, na Gentil amesimamisha mashine juu ya sikio langu ili aangalie telefone yake, kinyozi gani huyu, mutu analeta kichwa kizima yeye ananyoa nusu kisha anaenda kutembea mu WhatsApp, ningemwambia, lakini kumwambia kinyozi neno wakati mashine iko karibu na sikio lako njo ujinga wenyewe, kitambaa kimenibana shingo, nywele zinaniwasha mugongoni, na kwa kioo namuona mutu wa kichwa kimoja na sura mbili, upande huu mwalimu, upande ule mwizi wa mbuzi, Josiane angeniona hivi angecheka paka mushono umuume, hapana, asicheke, siku tisa tu tangu bibi yangu wamupasue tumbo, daktari alisema asibebe maji, asipande mulima, asicheke sana, hata kukohoa ashikilie tumbo kwa mikono miwili, na mutoto bado hana jina, mama yangu anataka jina la huku kwetu Nyamitaba, Josiane anataka jina la baba yake, muwindaji wa kule Walikale, na miye nimesema kila mutu aseme lake, uhuru, tutapiga kura… "Élysée, kaka, umeona hii?" Gentil ananiuliza, haniangalii, anaangalia mukono wake, na kabla sijamujibu nasikia bunduki.

Siyo ya inje. Ni ya mu telefone, ta-ta, ta-ta-ta, kimya kidogo, kisha ta-ta tena, na miye naijua sawa vile najua kilio cha mutoto wangu, sababu bunduki ile ni yangu, niliipata mu muchezo wa telefone nyuma ya wiki tatu za kucheza kila siku, ina kasoro yake, ukipiga mfululizo inakwama kidogo kisha inaendelea, na hapa nayo imekwama… "Wanapigana Nyabiondo," Gentil anasema, "asubuhi hii, angalia moshi," ananisogezea telefone mbele ya macho, naona kilima changu, moshi wangu, kivuli cha kidole changu pembeni, kidole kabisa, na hakuna mutu anakiona, na ndani yangu kuna kitu kinacheka, siwezi kukataa, kinacheka sababu tangu saa moja nilikuwa nangoja, sasa ni saa ine na video yangu imefika paka kwa kinyozi. Nafanya uso wa mutu asiyejua. "Inatoka wapi?" "Ma-groupe yote," anasema, na hapo ningepaswa kushituka, nilisambaza mu groupe moja tu, lakini sikio la mutu mwenye kupenda sifa linasikia sifa tu, na miye nilikuwa tayari nawaza sauti ya Benoît saa sita, vile atanyamaza… Benoît njo chanzo, mwalimu wa darasa la sita, mutu wa kalamu nyekundu, anataka kusahihisha hata maneno ya watu mu telefone, tuko watu mia sita na kumi na mbili mu groupe yetu, miye njo mwenye kuiongoza, na Benoît anasema kila habari yenye haina mwenyewe niifute, kila picha yenye haijulikani inatoka wapi niifute, na miye nikamujibu kwa audio ya dakika kumi na moja, natembea njiani, pumzi inasikika, nikasema babu zetu walifungwa kinywa na fimbo, baba zetu walifungwa kinywa na bunduki, leo nani anataka kutufunga kinywa na kidole cha kufuta, na neno lile nililipenda sana, nililisikiliza mara ine miye mwenyewe, Josiane akasema unajisikiliza sawa vile mutu anajikuna, na akacheka, wakati ule alikuwa bado na ruhusa ya kucheka… nikasema tena, watu wa milima siyo watoto, wanajua kuchambua maneno sawa vile wanachambua maharage, hapa kwetu hakuna mutu amewahi kukimbia juu ya telefone, hapa watu wanakimbia juu ya ng'ombe, kila mutu anajua, ng'ombe ziko malishoni juu kabisa, wachungaji wanaona ng'ambo ya kilima mbele yetu sisi wote, na kitu ya kwanza mutu anaokoa ni ng'ombe, donc ng'ombe zikishuka saa kumi na moja ni maziwa, zikishuka mbele ya saa kumi usiulize, beba mutoto ukimbie, njo sheria yetu, haijaandikwa fasi yoyote na haijawahi kukosea. Benoît akajibu kwa maneno mawili tu, Siku itafika. Maneno mawili. Njo yenye ilinichoma, na njo nikaamka leo na teste yangu, kipimo cha kumuonyesha, nikacheza mu telefone ya Josiane, nikafilimu na yangu, nikatikisa mukono sawa vile mutu mwenye kuogopa anatikisika, kilima kijani, ukungu, vijana wa muchezo wanaanguka mu majani, nikaandika chini Nyabiondo asubuhi hii, nikatuma, na nilikuwa nimepanga saa sita kamili niseme, ndugu zangu, ile ni muchezo wa telefone, muliiona wote, na ni nani alikimbia, hakuna, basi mwalimu Benoît aweke kalamu yake mufukoni.

"Hiyo ni ya telefone," Papa Dusabimana anasema nyuma yangu, aksanti Papa, njo vile, Papa Dusabimana mwenyewe, mwenye ng'ombe makumi ine na jibini la kuuza paka Goma, ameketi pa benchi anangoja ndevu, fimbo kati ya magoti, kofia juu ya fimbo, "miye siangalii telefone," anasema, "miye naangalia kilima," na ningesimama nimukumbatie kama si kitambaa, neno lake lile njo audio yangu yote ya dakika kumi na moja, limesemwa kwa pumzi moja. Mutu mukubwa. Alinipatia ng'ombe siku ya ndoa yangu, Bihogo, ng'ombe mwekundu mwenye pembe moja inaangalia chini, akasema mbele ya watu wote, huyu kijana sina undugu naye wa damu, kuanzia leo tuna undugu wa maziwa, na Bihogo iko mu kundi lake paka leo sababu miye sina malisho, kila jumapili naenda kunywa maziwa kwake, naketi, haunywi maziwa ya mutu umesimama, nakunywa yote, nasema aksanti, na undugu unaendelea… "Lakini Papa," Gentil anasema, mashine bado inalia bure mu mukono wake, inakula batterie, "mutu wa Nyabiondo ameandika hapa, sikiliza, ni kweli kabisa, nimesikia kwa masikio yangu, tuko tunafunga mizigo." Nini? Nani amesikia? "Nani?" nauliza, na sauti yangu inatoka nyembamba. "Simujui, anasema iko Nyabiondo. Na mwingine hapa, anasema shemeji yake ameona kwa macho." Ameona nini, shemeji, ameona nini kwa macho, ameona batterie ya telefone ya bibi yangu ikienda kutoka themanini paka tatu, njo kitu moja yenye imekufa asubuhi hii, kitu ingine hakuna, na mutu iko anasimama mu njia ya Nyabiondo anasema amesikia kwa masikio yake bunduki yenye miye nililipia na wiki tatu za uvivu. Sasa sielewi. Watu wanasema uongo vile, bila faida, ao… ao wamesikia kweli, ao kuna kitu Nyabiondo kweli, leo, na miye nimetabiri bila kujua, hapana, Élysée, acha, ni uongo wako weye, unaujua kwa jina. "Gentil," Papa Dusabimana anasema, polepole, "toka pa mulango, unanizibia." Gentil anasogea, mulango unabaki wazi, na kilima chote kinaingia mu kioo mbele yangu, majani, ukungu kidogo juu, kisha kitu chekundu kwa njia ya kushukia, kisha nyeusi, kisha madoa. "Hizo ni ng'ombe zangu," Papa anasema.

Saa ine. Zinashuka. Zinashuka mbio, siyo mwendo wa maziwa, na mbele kabisa naona pembe moja inaangalia chini, mu kioo inakuwa ya upande mwingine lakini ni yenyewe, Bihogo, Bihogo yangu njo inaongoza, na miye naamini. Mungu anisamehe, naamini, miye mwenye kufilimu, miye mwenye kivuli cha kidole, na mu kichwa changu kuna neno moja tu, wamekuja, wamekuja, sababu ng'ombe hazidanganyi, mama alinifundisha hivyo kabla sijajua kusoma… nilikuwa na miaka tisa, zilishuka saa tano, mama alikuwa na maharage motoni, akamwaga maji, akabeba sufuria na maharage yenye haijaiva, Umuhoza dada yangu alikuwa na wiki mbili, kwa mugongo wa mama, tukapanda njia ya pori, mvua ikatukuta, mvua ya huku yenye iko na meno, tukatembea siku ile na usiku ule na siku ingine, na kesho yake mama akasimama, akafungua kitambaa, akaangalia, akafunga tena kitambaa vizuri, na akatembea. Hakusema neno. Akambeba hivyo paka jioni, paka fasi yenye udongo haukuwa na maji. Na miye nyuma yake nilikuwa nalilia maharage, mama maharage, mama nina njaa, sikujua, nilijua siku ya tatu, wakati mugongo wa mama ulikuwa mutupu, na mama hajawahi kuniambia, wala miye sijawahi kumuuliza, miaka ishirini na tano, mutu mwenye kusema audio ya dakika kumi na moja juu ya uhuru wa kusema, neno moja kwa mama yake hajapata. Mu muchezo ukifa unangoja kidogo, unarudi, nguo safi, afya yote. Pastor alisema michezo hii inaita roho ya bunduki, nikamucheka, nikasema Pastor, sisi tulizaliwa na risasi ya kweli, ya muchezo itatufundisha nini… Lakini angoja. Angoja, Élysée, fikiri. Ng'ombe zinashuka sababu muchungaji anazishusha. Muchungaji wa Papa Dusabimana ni nani? Narcisse. Narcisse anajua nini? Anajua chenye anaona. Na anaona nini siku hizi, Narcisse, juu kule kwenye malisho, fasi yenye réseau ya telefone inashika kuliko fasi yote ya Nyamitaba…

Telefone yangu ya zamani. Njo yenye iko nayo. Miye nilimupatia, mwezi wa pili, miye nilimuwekea WhatsApp, miye nilimuingiza mu groupe na mukono huu, nikaandika, tunamukaribisha kaka Narcisse, muchungaji naye iko na haki ya habari, watu wakapiga makofi ya kidole, na Narcisse akatuma picha ya Bihogo, na sasa nayaona yote mara moja na ni mabaya kuliko bunduki, Narcisse hakuona kitu ng'ambo ya kilima, Narcisse aliangalia mukono wake, aliona moshi wangu, akaita ng'ombe, na mutu wa Nyabiondo atasikia ng'ombe za Nyamitaba zimeshuka atasema muliona, ni kweli, na video itapata nguvu ya ng'ombe, na ng'ombe zilipata nguvu ya video, zinazunguka, moja inashuhudia ingine, na katikati hakuna kitu, kuna kidole changu. Nilisema watu hawakimbii juu ya telefone. Kweli, hawakimbii. Telefone ilienda kuongea na ng'ombe kwanza. "Leo siyo muchezo," Papa Dusabimana anasema, amesimama, nasikia fimbo, anatafuta kofia wakati kofia iko juu ya fimbo, sijawahi kumuona hivi, "Gentil, zima hiyo mashine, funga nyumba, mambo ya ndevu tutaona kama tunabaki na videvu," na Gentil anacheka kicheko kikavu, anaanza kutoa telefone za watu kwa waya za chaji, moja moja, na hapo naona, kwenye ubao, telefone ya Josiane, ile yenye kifuniko cha maua, waya nyekundu. Nimeileta hapa mwenyewe. Asilimia tatu, nilimwambia nakuja kuchaji yako na kunyoa, narudi mbele ya saa sita, akasema sawa baba ya mutoto. Hana telefone. Mama, mwenye tunakaa naye, hajawahi kuwa nayo, mama anasema telefone inasema chenye mutu anataka, ng'ombe inasema chenye imeona, na mulango wa jikoni yake unaangalia kilima hiki hiki, ng'ambo, kila asubuhi anaketi pale anachambua maharage, uso juu, yeye hajui anaangalia, macho yake njo yanajua, miaka ishirini na tano yanaangalia.

Sasa anaona. Sasa hivi anaona, na mama hangoji, wakati wa maziwa kuchemuka ni mwingi kwake, atafunga mutoto mugongoni, atamwambia Josiane simama, na Josiane atasimama, yeye ni mutu wa pori, watu wa kwao wakisikia simama wanasimama bila kuuliza, ataweka mikono miwili kwa tumbo, watashika njia ya pori, ile ya kupanda, na juu ya kilima mawingu yako meusi, nayaona kwa kioo, na siku tisa, na mushono, na mutoto bila jina. Nikimbie? Nusu saa kwa miguu paka nyumbani, pikipiki hazipiti njia ile, nusu saa, na mama hangoji. Nafuta. Mikono yangu iko chini ya kitambaa, natoa telefone, natafuta video yangu, nashika, nafuta kwa wote, inaondoka, groupe inaandika ujumbe huu umefutwa, nimefuta, Benoît, umeona, nimefuta, na telefone ya Gentil juu ya ubao bado inapiga ta-ta, ta-ta-ta, inakwama, ta-ta, sababu yake ilitoka kwa groupe ingine, na ile kwa ingine, na kidole changu hakifiki kule. Nashika audio basi, kale kadude ka kusemea, nasema ndugu zangu… nasema nini, na kwa nani, mia sita na kumi na mbili watasikia na mama hatasikia, mama anasikiliza kilima. Yeye hana groupe ingine. Kama nataka kumwambia mama neno, neno ni ng'ombe kupanda. Ng'ombe zikipanda tena ataziona, ataketi, atafungua kitambaa, atasema Josiane rudi ulale. Na ng'ombe zinasikia Narcisse. Na Narcisse anasikia mutu mumoja tu, hawezi kurudisha ng'ombe za mutu fasi yenye anafikiri kuna kifo juu ya neno langu miye mutu wa groupe, atarudisha juu ya neno la mwenyewe, na mwenyewe iko nyuma yangu, anavaa kofia.

Kwa hiyo sema. Sema, si unajua kusema. Uhuru wa kusema, haya, sema. Mutu huyu alinipatia ng'ombe mbele ya watu wote, na mutu mwenye alikupatia ng'ombe haumudanganyi, na ukimudanganya anakuja kuchukua ng'ombe yake, anakuja muchana, watu wanaona, na jina lako linaenda na kamba ile, njo desturi, hakuna mahakama. Hiyo niiache, achukue. Lakini inje, inje nasikia miguu, watu wameanza kupita mbio, mama mumoja anaita majina ya watoto, na watu hawa wakijua kwamba ni miye, hawatauliza muchezo ni nini, watasema alitaka tukimbie ili watu wa bunduki waibe nyumba, wameshapiga watu kwa neno dogo kuliko hili, na miye nusu kichwa, na kitambaa cha kinyozi shingoni, tayari nimefungwa. Naogopa. Nasema kweli, naogopa sana, mu audio sijawahi kuogopa sababu mu audio hakuna mutu iko na fimbo mbele yako. Na naona vile ingewezekana kunyamaza, ni vyepesi, nyamaza tu, kimbia pamoja nao, kesho useme watu wabaya walisambaza uongo, uandike mistari miwili ya kuhuzunika, hakuna mutu atajua, kivuli cha kidole hakina jina… mama alifunga kitambaa vizuri na akatembea. "Papa," nasema. Hasikii. "Papa Dusabimana." Anageuka, namuona kwa kioo, nataka kubaki mu kioo, niongee na picha yake, lakini haunywi maziwa ya mutu umemupatia mugongo, nageuka na kiti, kiti kinalia. "Papa, ile video ni muchezo."

"Muchezo gani?"

"Wa telefone. Siyo Nyabiondo. Siyo fasi yoyote. Ni miye niliitengeneza leo asubuhi."

Gentil amesimama na waya mukononi, kinywa wazi, sikuwa najua kwamba mutu anaweza kuniangalia hivyo, miye mwenye ananiitaga kaka. "Na ng'ombe zangu?" Papa anauliza. "Narcisse ameona video. Niko namujua, Papa, ni miye nilimupatia telefone." Naongeza, sijui kwa nini naongeza, "Josiane iko na siku tisa. Mama ataona ng'ombe. Watapanda pori." Na Papa Dusabimana, mwenye alibeba mutoto wangu jumapili yenye ilipita akasema huyu mutoto ni muzito, atakunywa maziwa ya Bihogo, ananiangalia muda murefu, ao mufupi, sijui, inje watu wanapita, na macho yake hayana hasira, yana kitu yenye sijawahi kukiona pale, anashangaa, anashangaa sawa vile mutu amekuta nyoka mu nyumba yake mwenyewe na nyoka inamuita Papa. Anatoa telefone yake ndogo ya vitufe mufukoni. Anabonyeza polepole, kidole kimoja. Nafikiri ataongea. Haongei, ananyoosha mukono, ananipatia. "Weye," anasema. "Kwa jina lako. Kisha Narcisse aseme na miye." Ni nzito, telefone hii ndogo, ina joto la mufuko wake, inaita, mara moja, mara mbili, inje ya mulango najua zinashuka bado, sitaki kuinua macho, na hapa hakuna kitufe cha kufuta, hakuna cha kusikiliza tena mbele ya kutuma, inaita mara ya tatu, nusu ya kichwa changu inasikia baridi, inaita… "Allô, Papa," Narcisse anasema, pumzi juu juu, kengele ya ng'ombe karibu yake, "tunashuka, Papa, tuko karibu, zote ziko." "Siyo Papa," nasema. "Ni miye Élysée. Video ni ya uongo, ni miye nilidanganya. Geuza Bihogo, Narcisse, zingine zitafuata, zipandishe, zipandishe polepole zionekane. Mama yangu iko anaziangalia."